Zizi la Mawe Hupimwa kwa Hewa

Kabla reli haijafika Eldoret mwaka 1924, mizigo ya kwenda Uasin Gishu ilishushwa kwenye stesheni ya Londiani, ikapandishwa kwa magari ya maksai kwenye njia iliyogeuka tope kila masika. Nyanda hizi ziko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku wake ni wa baridi na ukungu. Mwashi wa zizi la farasi mahali kama hapa ana kazi mbili zinazogombana.

Watu husifu kuta. Lakini kuta ndiyo kazi nyepesi: jiwe lililochongwa vizuri, likaungwa kwa chokaa na mchanga, hudumu. Ugumu uko kwenye hewa. Farasi hutoa mvuke mwingi usiku kucha, na mkojo wake huzaa amonia inayochoma mapafu. Hewa hiyo ya joto hupanda. Ikikosa pa kutokea, hugonga bati baridi, ikawa matone, ikamrudia mnyama mgongoni. Basi fundi huacha matundu chini ya ukingo wa paa yaingize hewa safi, na mwanya kwenye kilele, wenye kijipaa chake, uitoe chafu.

Sasa ugomvi wenyewe. Kuna ugonjwa wa farasi wa Afrika, muuaji wa haraka. Wafugaji wa kusini mwa Afrika walifungia farasi tangu kabla ya jua kuzama hadi umande ukauke, wakiushuku umande. Mwaka 1944 mtafiti du Toit alionyesha kuwa mwenezaji ni usubi, wadudu wanaouma magharibi hadi alfajiri. Desturi ilikuwa sahihi, sababu ndiyo iliyokosewa. Lakini tundu linaloingiza hewa huingiza na usubi, na wavu wa kawaida wa mbu hauwazuii wote. Unatakiwa wenye vitundu vidogo zaidi.

Banda la magari ya farasi hujengwa ubavuni, likitengwa na zizi kwa ukuta mzima usio na mlango, kwa kuwa amonia huharibu rangi na ngozi za hatamu. Sakafu ya zizi huinama kama sentimita moja na nusu kwa kila mita, na mfereji wake hubaki wazi hadi nje ya ukuta. Ukifunikwa ndani, huziba na kunuka.

Ewe uliyerithi zizi la mawe na sasa unafugia ng'ombe wa maziwa: usizibe matundu ya juu kwa kuogopa baridi, wala usipige saruji juu ya maungio ya chokaa. Saruji hufungia unyevu ndani ya jiwe, na jiwe laini huanza kumomonyoka.