Kolelo wa Uluguru katika Maandishi ya Wageni: Uhakiki wa Vyanzo kwa Kulinganisha na Visasili vya Waetruska

Utangulizi

Katika maandiko ya historia ya Tanzania, jina la Kolelo hutajwa zaidi sambamba na Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907. Kolelo huelezwa kuwa nyoka mkubwa wa pangoni katika Milima ya Uluguru, ambaye watu wa mabondeni na wa karibu na pwani walimwendea kuomba mvua, na ambaye katika mwaka wa vita alisemekana kuwaagiza wafuasi wake waache kulipa kodi kwa Wajerumani. Baada ya aya moja au mbili, masimulizi hayo huteremka hadi Mto Rufiji, kwa Bokero na kwa Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe. Mlima wenyewe hubaki nyuma kama mandhari tu.

Uhakiki huu unahoji mazoea hayo. Hoja yake ni kwamba Kolelo anayefahamika katika maandiko si Kolelo wa Waluguru moja kwa moja. Ni Kolelo aliyesimuliwa na watu waishio chini ya mlima, baada ya vita kushindwa, kwa mmisionari wa taifa lililoshinda. Ili kupima uzito wa hali hiyo, uhakiki unalinganisha visasili hivi na visasili vya Waetruska, watu wa Italia ya kale ambao miungu yao inajulikana kwa sehemu kubwa kupitia kalamu za Warumi waliowatawala. Ulinganishi huu haudai kuwapo kwa asili moja wala uhusiano wa kihistoria kati ya Morogoro na Bahari ya Mediterania. Kinacholinganishwa ni hali ya vyanzo.

Kolelo katika maandishi ya Klamroth

Chanzo kinachotegemewa zaidi kuhusu Kolelo ni makala za Martin Klamroth, mmisionari wa Misheni ya Berlin, zilizochapishwa kwa Kijerumani kati ya 1910 na 1913. Makala hizo zinahusu imani za Wazaramo wa eneo la Dar es Salaam. Hapo pana jambo la kwanza la kuzingatiwa: Wazaramo si wenyeji wa pango. Wao ni majirani wa Waluguru, nao waliitazama Uluguru kutoka tambarare.

Katika kisasili kilichomo humo, Kolelo anatokea kwa umbo la nyoka, anamchukua mwanamke na kumwingiza pangoni, kisha anamwambia kwamba ametumwa na Mungu kuyatengeneza mambo ya dunia na kwamba ukoo wake ndio utakaomtumikia mahali hapo. Sehemu nyingine ya taarifa inahusu mwaka 1905. Inaeleza agizo la kutolipa kodi, tangazo la gharika itakayowaangamiza Wazungu na wafuasi wao, ardhi itakayofunguka na kuwameza, bunduki zitakazotoa maji badala ya risasi, na simba saba watakaotokea kuwaangamiza maadui.

Sehemu hizi mbili zina dhima tofauti. Ya kwanza ni kisasili cha asili: inaeleza mamlaka ya ukoo fulani juu ya mahali fulani. Ya pili ni unabii wa vita. Watafiti wengi waliofuata waliivutiwa sehemu ya pili, na sababu yake inaeleweka. John Iliffe, katika makala yake ya 1967 kuhusu mpangilio wa uasi wa Majimaji, alitafuta jinsi watu wa koo na lugha mbalimbali walivyoweza kuungana. Ibada ya Kolelo ilimpa sehemu ya jibu. G. C. K. Gwassa aliyafuatilia mambo hayohayo upande wa Rufiji na Umatumbi. Swali lao lilikuwa la vita, na kwa swali hilo walikuwa na haki ya kuchagua walichokihitaji. Tatizo limejitokeza baadaye, pale chaguo lao lilipogeuzwa kuwa maelezo kamili ya Kolelo.

Tages na kalamu ya Cicero

Hali ya Waetruska inafanana na hii kwa kiwango cha kushangaza. Kisasili mashuhuri kuhusu chanzo cha elimu yao ya dini ni cha Tages. Mkulima wa Tarquinia alikuwa akilima shamba lake. Plau ilipozama kuliko kawaida, Tages akaibuka udongoni akiwa na sura ya mtoto na hekima ya mzee. Watu wa Etruria wakakusanyika, naye akawafundisha elimu ya kusoma matumbo ya wanyama wa kafara.

Kisasili hiki kinapatikana katika kitabu cha Cicero kuhusu ubashiri, cha mwaka 44 KK. Cicero anakisimulia ili kukikejeli. Anauliza jinsi mungu angeweza kufukiwa ardhini, na kwa nini afunuliwe na plau. Ni Mrumi msomi anayeandika wakati Etruria imekwisha kumezwa na dola ya Roma, na vitabu vya Waetruska wenyewe vilivyoandikwa kwa lugha yao vimepotea karibu vyote. Klamroth hakuwa mkejeli wa namna hiyo. Alirekodi kwa bidii. Hata hivyo, wote wawili walikuwa na neno la mwisho juu ya mungu asiyekuwa wao, na wote wawili waliandika kwa ajili ya wasomaji wasiomwamini mungu huyo.

Kilichowasaidia wataalamu wa Waetruska ni vitu vilivyotengenezwa na Waetruska wenyewe. Mwaka 1877 liliokotwa karibu na Piacenza ini la shaba lenye ukubwa unaokaribia ule wa ini la kondoo. Juu yake yamechorwa majina ya miungu kama Tinia, Uni na Fufluns, na ukingo wake umegawanywa katika sehemu 16, zinazolingana na sehemu 16 za anga ambazo waandishi wa Kirumi walizitaja. Ini hilo halisimulii kisa chochote. Linaonyesha mpangilio: mungu gani ana makao upande gani. Kwa kulitumia, wataalamu waliweza kubaini mahali Warumi walipoeleza kwa usahihi na mahali ambapo ulimwengu wa Waetruska ulikuwa mpana kuliko walivyoueleza.

Mwaka 1964 zilipatikana Pyrgi bamba tatu za dhahabu, mbili zikiwa na maandishi ya Kietruska na moja ya Kifoinike. Humo mtawala wa Caere, Thefarie Velianas, anamwekea wakfu mungu wa kike anayeitwa Uni katika lugha moja na Astarte katika nyingine. Warumi pia walimfasiri Uni, wakamwita Juno. Tofauti ni kwamba katika Pyrgi tafsiri ilifanywa na wenye mungu kwa hiari na maslahi yao. Swali la nani anayetafsiri jina la mungu, na kwa faida ya nani, linapaswa kuulizwa Uluguru pia. Msimulizi wa Klamroth anaposema kwamba Kolelo alitumwa na Mungu, huenda anaeleza imani ya wazee wake. Huenda pia anamtafutia Kolelo nafasi mbele ya mmisionari ambaye hangekubali mungu wa pili. Maandishi peke yake hayatoshi kuamua.

Mlima na maji kama ushahidi

Uluguru haina ini la shaba. Ina ushahidi wa aina nyingine ambao haukutengenezwa na mmisionari wala na mwanahistoria, na wa kwanza ni maji. Milima hii, yenye vilele vinavyozidi mita 2,600, hukinga pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi. Ndiyo maana miteremko ya mashariki hupata mvua nyingi kuliko ya magharibi. Humo huanzia vijito na mito inayounda Mto Ruvu, nao Ruvu hushuka kuelekea Uzaramo na pwani. Mto huohuo leo ni chanzo kikuu cha maji ya jiji la Dar es Salaam. Kata ya Kolero, yenye jina linalokaribiana na la mungu huyo, iko kusini mashariki mwa milima.

Kwa mtazamo huu, safari ya Mzaramo kwenda kuomba mvua Uluguru haihitaji kuelezwa kwa siasa za 1905. Alifuata maji hadi yanakotoka. Hata unabii wa gharika na wa bunduki zinazotoa maji unasomeka upya: mwenye kumiliki maji ndiye anayeahidi kuyatumia. Vita viliazima lugha ya mvua, na ibada ya mvua ilikuwapo kabla ya vita.

Ushahidi wa pili ni ukoo. Waluguru na Wazaramo huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na kwa Waluguru ardhi imekuwa ikishikiliwa kupitia koo hizo. Ndiyo maana katika kisasili Kolelo anamchukua mwanamke na kuukabidhi utumishi ukoo wake. Jambo hili halikumsaidia mmisionari katika mahubiri, wala halikuwasaidia wanahistoria wa uasi katika hoja zao. Kwa sababu hakuna mwandishi aliyelihitaji, ni rahisi zaidi kuamini kwamba limetoka kwa wenyeji. Vilevile cheo cha Kingalu cha Kinole, kinachorithiwa pamoja na sifa ya kuleta mvua, kinaonyesha kwamba katika Uluguru mvua, ukoo na mamlaka vimefungamana nje kabisa ya habari za Majimaji.

Tahadhari kuhusu ulinganishi

Kuna tofauti moja kubwa isiyopaswa kufichwa. Kietruska ni lugha iliyokufa, na hakuna anayeweza kumuuliza mzee wa Tarquinia. Kiluguru kinazungumzwa. Faida hii ina hatari yake. Majimaji hufundishwa shuleni, na tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, imesomwa tangu 1969. Mhusika mkuu wa tamthilia hiyo ni kiumbe wa sanaa anayelemewa na neno alilolitamka mwenyewe. Ni kazi yenye uzito wake, lakini haikukusudiwa kuwa chanzo cha imani za kale. Mtafitiwa wa leo anaweza kurudisha kwa mtafiti yale aliyoyasoma darasani, na mtafiti akayaandika kama mapokeo ya mababu.

Hitimisho

Uhakiki umeonyesha kwamba Kolelo amesomwa kuanzia mwisho wake. Amechukuliwa kama utangulizi wa Kinjikitile, kana kwamba mungu wa mvua alikuwa akisubiri vita ili apate maana. Usomaji huo una gharama: unayapa maandishi ya 1910 mamlaka juu ya mlima, na unawafanya Waluguru kuwa wasikilizaji wa habari za mungu wao.

Mpangilio unaopendekezwa ni tofauti. Utafiti uanze na majina ya mahali, vyanzo vya maji na koo zenye haki ya tambiko, yote yakirekodiwa kwa Kiluguru kabla ya kutafsiriwa kwa Kiswahili. Kisha maandishi ya Klamroth yasomwe kwa kutenganisha kisasili cha ukoo na unabii wa 1905. Masimulizi ya wazee yapimwe kwa kuuliza pia walisoma nini na wapi. Mwishoni ndipo swali la Majimaji liulizwe. Likiulizwa kwa utaratibu huo, uhusiano wa Kolelo na vita hautapotea. Utapata kipimo chake, ukiwa tukio moja katika maisha marefu ya ibada ya mlima na maji.