Ganda la Risasi, Lisomwe kwa Ndani

Ganda la risasi tumezoea kulisoma kwa nje. Mpelelezi husoma chapa za kitakoni, mwanahistoria hutaja bunduki iliyolifyatua, na uwazi wa ndani hauna wa kuutazama. Kwangu mimi, umbo hili halihukumiki mpaka litiwe maji.

Tuanze na risasi ya .303 ya Waingereza, iliyopanda misitu ya Mlima Kenya na askari wa mkoloni, kisha ikaporwa na wapiganaji wa Mau Mau wa Meru na Embu. Ganda lake lina urefu wa milimita 56, ukingo mnene kitakoni, mwili unaopungua kuelekea juu na mabega ya mteremko. Lilizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1880 likilishwa baruti nyeusi. Baadaye ikaja baruti ya kodaiti, nyuzi ndefu kama tambi, ambazo kiwandani zilitangulia kuingizwa ndipo shingo ikabanwa. Ni umbo lililoiridhia baruti ya zamani na kuivumilia mpya.

Ganda la 7.62 ya NATO, linalotemwa na bunduki za G3 za askari wetu wa Kenya, ni fupi kwa milimita 5. Halina ukingo uliojitokeza, mbavu zake zimenyooka, mabega yamekatwa kwa ukali. Ukiliona limetoka kwenye G3 utalijua: lina michirizi ya masizi kwa urefu, kwani chemba ya bunduki hiyo imechongwa mifereji ya kupitisha gesi ili ganda lisinase.

Kipimo chenyewe ni chepesi. Ganda lililofyatuliwa, fataki iliyokufa ikiwa bado imeziba kitako, hupimwa uzito likiwa kavu. Hujazwa maji kwa sirinji, hugongwa kidogo viputo vitoke, na uso wa maji husawazishwa na mdomo, usifure wala usibonyee. Hupimwa tena. Kila gramu iliyoongezeka ni mililita moja ya nafasi.

Ganda la .303 hushika kama mililita 3.6. La 7.62 la kijeshi hushika kama 3.4, ingawa ndugu yake wa kiraia, .308, mwenye sura karibu ileile, hukaribia 3.6. Siri iko kwenye kuta: shaba ya jeshi ni nene. Baruti ileile ikibanwa kwenye nafasi ndogo zaidi, shinikizo hupanda. Ndiyo maana wanaojaza risasi kwa mkono, katika nchi zinazoruhusu, hawaiamini sura. Kama umbo, nampa ushindi 7.62: amepoteza urefu mwingi, nafasi kidogo tu.

Lakini maji hayapimi kazi ya kiwanda peke yake. Mlipuko hulitanua ganda mpaka likachukua umbo la chemba, kwa hiyo anayelijaza maji anaipima pia bunduki. Bunduki za kujitengenezea za Mau Mau zilitumia bomba la maji kuwa mtutu. Bomba halikuchongwa kwa ajili ya mteremko ule wa .303, shaba isipopata ukuta wa kuiegemea hupasuka, na gesi ikamrudia mpigaji. Waliobeba silaha hizo walikabili hatari hiyo juu ya nyingine: chini ya sheria za Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, kukutwa na risasi kungeweza kumfikisha mtu kwenye kitanzi.