Watu Wameongezeka, Maneno Yamepungua

Jumamosi iliyopita nilifanya kazi ambayo hakuna aliyenituma. Nilikaa nyuma kwenye kikao chetu cha mazungumzo, nikahesabu. Watu waliokaa: 64. Waliofungua mdomo, ukiondoa msimamizi na wakalimani: 7. Kati ya hao 7, watano ni wanaume walewale wa kila wiki, na mimi ni mmoja wao.

Katika kurasa hizi tumezoea kuhakiki vitabu, nyimbo na michezo ya kuigiza. Leo naomba nihakiki kikao. Nacho kina mtindo wake, kina wahusika wake, na kina mahali kinapochosha. Mimi ni mmoja wa wanaokiendesha, kwa hiyo baadhi ya makosa nitakayoyataja ni yangu.

Tulianza tukiwa 11, chini ya mwarobaini, hapa hapa Kakuma. Kila mtu alikuja na kigoda chake, au ndoo ameigeuza juu chini. Swali la kwanza lilitoka kwa kijana aliyekuwa anahangaika kutafuta mahari: je, ndoa ikivunjika, mahari irudishwe? Hilo swali lilituchukua wiki tatu. Mzee mmoja kutoka Fizi alisema yake, na msichana anayejifunza kushona akamjibu: "Papa, samahani, lakini mimi si mbuzi wa mkopo." Watu walicheka sana. Mzee naye alicheka. Lakini wiki iliyofuata alirudi na jibu, amelifikiria. Hapo ndipo nilipojua kwamba tuko na kitu. Mtu mzima alikwenda kulala na neno la mtoto wa watu, akaamka nalo.

Basi habari zikaenea. Shirika moja likatuona, likatuletea viti, turubai na soda. Sikatai. Jua la Turkana si la mchezo, na turubai ni turubai. Lakini pamoja na viti vilikuja vitu vingine viwili: mada iliyoandikwa tayari, na karatasi ya kusaini. Jina, bloku, umri, namba ya simu. Viti vikapangwa mistari kama kanisani, wote tunatazama mbele, hakuna anayemwona mwenzake usoni.

Mada zenyewe ni kama "Umuhimu wa Amani" au "Faida za Usafi." Nani atabishana na usafi? Swali ambalo hakuna mtu anaweza kulipinga si swali, ni tangazo. Watu wanasikiliza tangazo, wanakunywa soda, wanarudi nyumbani. Kwenye ripoti tunaandika kwamba kikao kimekua mara sita.

Neno baraza lenyewe lingeweza kutufundisha. Huko pwani, Lamu na Unguja, baraza ni benchi la mawe lililojengwa pamoja na ukuta wa nyumba, nje, karibu na mlango. Kwetu Kongo, barza ni veranda. Kote kuwili ni mahali pa katikati: hujaingia ndani kwa mtu, na wala hauko barabarani. Unakaa, unasema, unaondoka. Hakuna anayekuuliza namba ya simu.

Sasa nieleze kosa langu. Kulikuwa na dada mmoja aliyekuwa anaongea vizuri kuliko sisi wote. Siku moja alisema kuhusu foleni ya maji kwenye bomba lao, namna ndoo za watu fulani zinavyopita mbele. Niliandika maneno yake kwenye ripoti kwa sababu yalikuwa mazuri. Jina sikuweka, lakini niliandika bloku, na karatasi ya majina ilikuwa imebanwa hapo hapo nyuma yake. Sijui ni nani aliyeisoma. Ninachojua ni kwamba baada ya siku chache aliulizwa bombani ni kwa nini anawachafulia watu jina. Alikuja kwangu akaniuliza: "Kaka, ile karatasi inaendaga wapi?" Sikuwa na jibu. Hajarudi tena.

Ndugu zetu wa mashirika, naomba muelewe hapa. Kwa mkimbizi, jina lililoandikwa si jambo dogo. Jina liko kwenye rashoni, liko kwenye kesi ya mtu anayesubiri miaka na miaka. Hata kama karatasi yenu haihusiani kabisa na kesi, aliyeketi pale hana namna ya kuhakikisha. Kwa hiyo anasaini, halafu ananyamaza. Mtu wa nje anaweza kufikiri hana mawazo.

Tatizo lingine ni lugha, na hapa tunaokosea ni sisi Wakongo. Kikao kinaenda kwa Kiswahili kwa sababu sisi tulikianzisha. Sisi wenyewe tukisema "batu" Wakenya wanatucheka, lakini angalau tunasikika. Mama wa Kisomali aliongea karibu dakika tano, mikono inaeleza, sauti inapanda na kushuka. Mkalimani akageuka akatuambia: "Anakubaliana na aliyetangulia." Hapo nikajiuliza ni hadithi ngapi tumezikosa kwa sababu ya haraka ya ratiba.

Kuna watakaosema kitu kikikua lazima kibadilike. Ni kweli, lakini inategemea nani anakishika. Kivu ya Kaskazini, mwaka 1998, iliundwa Barza Intercommunautaire, wakakutana wazee wa jamii mbalimbali kuongelea migogoro kabla haijawa vita. Ilisaidia kwa miaka kadhaa. Lakini kabla ya uchaguzi wa 2006 ilikuwa imeshadhoofika, kwa sababu migawanyiko ya siasa iliingia kati ya viongozi wenyewe. Veranda ilibaki, ila waliokaa juu yake walianza kuvutana kila mmoja upande wake.

Mfano mwingine unaenda upande wa pili. Gazeti la Mambo Leo lilianza Dar es Salaam mwaka 1923, na lilikuwa mali ya serikali ya kikoloni. Lakini ndani yake washairi waliulizana na kujibizana kwa mashairi. Mwenye gazeti alitoa karatasi na wino. Ubishi ulikuwa wa wasomaji. Kwa hiyo si kwamba msaada lazima uue mazungumzo. Shirika linaweza kutoa turubai bila kutoa swali.

Nikiri pia jambo moja dhidi ya hoja yangu mwenyewe. Kuna Jumamosi mbili soda haikufika. Ya kwanza walikuja watu 19, na 14 kati yao waliongea. Nilifurahi, nikasema ndiyo hii! Halafu nikaangalia ni nani hawakuja: wengi ni akina mama wenye watoto wadogo. Ile soda walikuwa wanaibeba nyumbani kwa mtoto, hasa tangu rashoni ipunguzwe. Kwa hiyo siwezi kusema tuondoe soda, turudi chini ya mti na umaskini wetu mtamu. Huo ni uongo wa kijana asiyekuwa na mtoto.

Ninachoomba ni kidogo. Viti viwe duara, na tukizidi 20 tugawane duara mbili. Swali litoke kwenye ubishi wa wiki iliyopita. Mkalimani apewe muda sawa na msemaji. Uenyekiti uzunguke, mimi niwe wa kwanza kuuacha. Na tuhesabu vichwa, tusiandike majina. Ndugu wa mashirika, mkitutembelea msituulize tu mlikuwa wangapi. Tuulizeni mlibishana nini, na nani amebadili mawazo.

Nilikwenda kwa yule dada kuomba msamaha. Alinipa kiti, alinipa chai. Alisema atakuja siku atakayoona meza ya kusaini haipo. Nimepeleka ombi ofisini kuhusu hiyo meza; bado sijajibiwa.

Jumamosi hii swali letu ni hili: mtu akisema ukweli kikaoni na ukamletea shida, nani anawajibika? Njoo na kigoda chako.