Kitenzi Kimoja, Mizigo Miwili

Mwaka 1714 Alexander Pope alitoa upya utenzi wake wa kejeli, The Rape of the Lock, safari hii ukiwa na sehemu tano. Kisa chenyewe ni kidogo: bwana wa ukoo mkubwa alimkata msichana kishungi cha nywele, koo mbili zikanuniana. Utamu uko kwenye jozi za viunganishi.

Tazama pale Ariel, pepo mlinzi, anapohofia balaa litakalomfika msichana. Pope anatumia "or… or" ya Kiingereza cha kale, ambayo kwetu ni "ama… ama". Ukisikia "ama" ya kwanza, sikio linangoja ya pili, tena yenye uzito ule ule. Kitenzi ni kimoja tu: kutia doa. Huku kimebeba heshima ya msichana, kule gauni lake jipya la nakshi. Sarufi inasema vitu hivi ni sawa, akili inakataa. Katika mvutano huo ndimo ilimo hukumu ya Pope juu ya watu wa tabaka lile, na hakuandika neno hata moja la kulaumu.

Angeanza na gauni akamalizia na heshima, tungepata onyo la kawaida la wazazi. Yeye ametanguliza heshima, kisha akatuangusha kwenye nguo mwishoni mwa mstari, mahali ambapo sauti hutua.

Sehemu ya tatu inatupeleka kasri la Hampton Court. Hapo jozi ni "sometimes… sometimes", yaani "mara… mara", na kitenzi "take" kinampa Malkia Anne ushauri, kisha chai. Mfasiri akiandika kwamba malkia mara hupokea ushauri, mara hunywa chai, ameua kila kitu, kwa sababu kitenzi kimepasuka vipande viwili. Dawa tunayo majumbani: "Karibu upate chai." Basi malkia mara hupata ushauri, mara hupata chai, na maana zote mbili zinabaki ndani ya neno moja.

Kiswahili kina vitenzi vingi vya namna hii, na nasikitika kuona waandishi wetu wanavipita. Chukua "kula" peke yake, ukiweke kwenye jozi ileile ya Pope: kiongozi yule mara anakula kiapo, mara anakula rushwa. Jaribu na "kupiga" uone.