Mkesha wa Mtoto Aliyezimia

Nilimtazama sista mmoja, mzaliwa wa Kwapa, wilayani Tororo nchini Uganda, akimhudumia mtoto aliyezimia kwa malaria iliyopanda kichwani. Aliketi kando ya kitanda, akamwita mtoto kwa jina la nyumbani, akambonyeza ukucha kwa kalamu, akangoja. Kungoja huko ndiko ufundi wenyewe. Mwenye haraka huona kifo pale ambapo uhai umechelewa tu kujibu.

“Mama, sogea hapa, akuone,” alisema.

Kipimo cha kuzimia alichokitumia, cha Blantyre, kilichobuniwa Malawi miaka ya 1980, kina alama tano tu. Mbili ni za kilio, mbili za mkono unaotafuta penye maumivu, na moja ya macho: je, yanaufuata uso wa mama? Kile cha Glasgow cha 1974 humtaka mgonjwa aseme, na kichanga hana maneno. Sijui kipimo kingine cha hospitali kinachomhesabu mama. Huyu ambaye daktari akipita wodini huambiwa atoke nje, hapa bila yeye alama haikamiliki.

Enzi za kwinini, dripu ilichukua saa nne, na dawa yenyewe hushusha sukari mwilini. Sista hakuthubutu kwenda mbali. Alihesabu matone, akapima sukari, akamgeuza mtoto kila baada ya saa mbili, akamlaza ubavu mate yasimwingie mapafuni, akayafunika macho yaliyokataa kufumba. Mwaka 2010 utafiti wa watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika ulithibitisha kuwa dawa nyingine ya malaria, atesunati, huokoa zaidi: walikufa asilimia 8.5, badala ya 10.9 wa kwinini. Naishukuru dawa hiyo kwa moyo wote. Lakini sindano yake ni ya dakika chache, na ikishachomwa, kiti kando ya kitanda hubaki kitupu. Mkesha umeondoka na kwinini, kana kwamba ulikuwa wa dripu na si wa mtoto.

Desemba 2014 nyumba za Tororo zilianza kupuliziwa dawa ya mbu, na malaria ikapungua mno. Wauguzi vijana wakafuzu wakiwa wamekesha na watoto wachache wa aina hii. Kuanzia 2020 ugonjwa ukapanda tena, ukakuta mikono isiyouzoea. Masista waliojua wamestaafu. Wako Kwapa na Malaba wakipalilia mihogo, na sijasikia chuo kilichotuma mtu kuwaomba waje wafundishe.