Kalenda Bila Kipimo: Uhakiki wa Kifungu cha 166

Kifungu cha 166 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya Kenya kiliagiza kwamba aliyetenda kosa akiwa na maradhi ya akili azuiliwe kwa muda apendao Rais, na ripoti ya hali yake iandikwe baada ya miaka 3, kisha kila miaka 2. Kilitaja lini achunguzwe, bila kueleza ni dalili zipi zithibitishe kwamba anaweza kuachiliwa kwa usalama. Baadhi ya majaji wa Mahakama Kuu, walioona kuwa utaratibu huo unakiuka Katiba ya 2010, wametoa vifungo vyenye ukomo. Hata hivyo, kosa la msingi limebaki: miaka haitibu. Aliyepona mapema huendelea kuzuiliwa; asiyepona huweza kuachiwa siku zikitimia, pasi na uangalizi.