Ursula Auawa Kwa Kupita

Mchezo wa gizani wa The Little Mermaid wa Disney ulifunguliwa kwanza California mwezi Juni 2011, kisha Florida mwaka 2012 ndani ya Fantasyland iliyopanuliwa. Bustani mbili, mchezo mmoja na kasoro moja: hadithi imenyimwa kilele chake.

Mwanzo hauna lawama. Foleni ya Florida, chini ya kasri la Prince Eric, ina miamba na maporomoko ya kupendeza. Kigari chenye umbo la kombe hugeuka na kushuka kinyumenyume hadi uso wa maji unaonekana juu ya vichwa vya abiria. Ursula wa pangoni, pweza jike anayejinengua huku akicheka, ndiye sanamu la mashine bora kuliko yote humo.

Ni Ursula huyohuyo anayeharibiwa baadaye. Nguva Ariel na Eric wakishatoka kwenye mashua yao, hadithi inadai dhoruba: mchawi amefura kama mlima, bahari inazunguka, Eric anamchoma kwa merikebu iliyovunjika. Hakuna aliyetazama filamu ya 1989 akasahau. Mchezoni kuna umbo dogo la kivuli, mbali nyuma, linateketea kwa miale. Basi. Kigari hakipunguzi mwendo wala hakigeuki kulitazama. Abiria aliyemwinamia mtoto wake kidogo amekosa vita nzima, na akiinua macho tayari ni harusi. Andersen, mwandishi wa hadithi ya asili, mwaka 1837, hakumpa nguva wake harusi yoyote. Hapa harusi imepewa ukumbi, na adui akapewa kona.

Utetezi unaotolewa ni mtambo wa Omnimover. Vigari vimefungana kama mnyororo, mwendo ni mmoja, kwa hiyo kila onyesho lazima lijirudie bila mwanzo wala mwisho, ilhali vita vina vyote viwili. Ni kweli, lakini mchezo wa Haunted Mansion wa 1969 unatumia mtambo huohuo. Wabunifu wake, Claude Coats na Marc Davis, hawakuhangaika kusimulia tukio. Walimpeleka mtu mahali. Kigari chao hutoka darini kinyumenyume na kumtua abiria katikati ya makaburi, mizuka imemzunguka kila upande. Waliobuni mchezo wa nguva waliazima mteremko ule wakauweka mwanzoni, na kilichokuwa mwisho wa mteremko wakakiacha. Ursula hana haja ya kufa mbele ya kila kigari. Angesimama juu ya njia, minyiri kushoto na kulia, radi zisizokoma, na kifo chake kikabaki nyuma ya kona. Onyesho la namna hiyo hujirudia mchana kutwa bila kumpunja abiria yeyote.

Woga wa wabunifu haukuanza jana. Mr. Toad wa Florida, mchezo mwingine wa gizani, aliwagongesha abiria treni na kuwapeleka jehanamu; akafungwa 1998. Snow White ya 1971 ilimalizika mchawi akiwa bado anawawinda abiria, bila mkuu wala busu. Ikalainishwa 1994, ikafungwa 2012, na nafasi yake ikachukuliwa na ukumbi wa kupigia picha na mabinti wa kifalme. Kwa wabunifu wa zamani hofu ilikuwa sehemu ya kazi. Kwa warithi wao imekuwa kero ya kufunikwa kwa wimbo.

Hata njia nyingine ilikuwepo. Mbunifu wa Disney Tony Baxter alishachora mchezo wa nguva kwa ajili ya Disneyland Paris. Haukujengwa, lakini kielelezo chake cha kompyuta kilitolewa kwenye DVD ya filamu mwaka 2006. Vigari vyake vilining'inia kutoka juu, kama vya mchezo wa Peter Pan tangu 1955, hivyo abiria alielea badala ya kuburutwa sakafuni. Gharama yake inajulikana: vigari vya aina hiyo hubeba watu wachache kwa saa kuliko Omnimover. Waliotaka wingi waliupata. Foleni ya Peter Pan, mchezo uliopo Florida tangu 1971, kwa kawaida bado ni ndefu kuliko ya nguva.